Wimbo Uliokatika Uwanjani

Bendi ya mwimbaji Radi ilikuwa na ubaya mmoja: studio iliiua. Jukwaani vijana wale waliwaka moto, lakini ukiwafungia chumbani na kuwaambia "anzeni", walipiga muziki wao wa roki kama watu wanaongoja zamu ya kung'olewa jino. Ndiyo maana dada yake Radi, fundi wa sauti aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alisema, "Basi albamu tuirekodi watu wakiwepo. Mara moja, hakuna kurudia."

Wakakodi uwanja wa mpira. Alasiri ile fundi alijifungia katika chumba cha wachezaji cha kubadilishia nguo, kinachonuka soksi na dawa ya kuchua, mashine zake zimepangwa juu ya benchi. Jukwaa hakuliona, alilisikia tu kwenye hedifoni. Mbele kabisa, kwenye uzio wa chuma, alikuwa ametega maikrofoni mbili za kunasa shangwe.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda kama maji. Ukaja ule ambao wote waliungojea. "Sogeeni!" Radi akanguruma. "Nataka niwaone! Njooni karibu!" Uwanja ukaitika kwa kishindo.

Mwandalizi wa tamasha, aliyesimama mlangoni, akasugua viganja. "Huu ndio utakaouza albamu."

Fundi akainamia mashine. Ndani ya shangwe alikuwa amesikia kitu kisichofuata mdundo. Akashusha magitaa, akashusha ngoma, akabaki na maikrofoni za mbele peke yake. Sauti ya mwanamke, karibu kabisa: "Rudini nyuma! Jamani, tunakufa huku!" Kisha watu wakihema kwa shida, na chuma kikilia.

Akanyakua redio ya mkononi. "Walinzi! Mbele watu wanabanwa! Walinzi!" Kimya. Kelele zilikuwa zimewaziba masikio.

"Nazima spika," akasema.

"Una wazimu? Katikati ya wimbo?" Mwandalizi akamshika mkono. "Watafanya fujo hawa! Ngoja uishe tu."

"Watakwisha wao." Akajinasua. Liwalo na liwe, akazima.

Uwanja ukabaki na ngoma, kisha nazo zikanyamaza. Zomeazomea ikapanda. Sauti ya Radi ikamfikia kwenye hedifoni, imejaa hasira. "Dada! Umelogwa? Umefanya nini?"

Akafungua spika moja ndogo ya jukwaani. "Mdogo wangu, tazama chini. Kwenye uzio."

Halafu Radi akapaza sauti yake tupu, bila spika. "Walio nyuma, nawaomba, rudini hatua moja. Nyingine. Taratibu, ndugu zangu." Maneno yake yakapokezwa hadi nyuma, na walinzi wakang'oa uzio. Walitolewa watu waliozimia, mmoja kavunjika mbavu. Hakufa mtu.

Hata hivyo ndugu wale hawakusemezana. Siku chache baadaye Radi alifika nyumbani kwa dada yake, uso ameukunja. "Wimbo tuurudie studio, tuungeunge," akasema. "Nani atajua?"

"Usikilize kwanza."

Akamvisha hedifoni, akamwekea maikrofoni za mbele. Radi alianza kusikiliza akiwa wima, akamaliza ameketi sakafuni. Alikuwa amejisikia mwenyewe akiita "njooni karibu", na mwanamke yule akipiga kelele chini ya mwito wake. Akazivua.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaita, Dada."

"Hukujua."

"Na wewe uliyejua, nikakutukana mbele ya uwanja mzima. Nisamehe."

"Yameisha. Inuka, sakafu ina baridi."

Kilio cha mwanamke yule walikitoa. Hakikuwa chao kukiuza. Wimbo wakauacha kama ulivyo, ukikatika katikati, na albamu ikaishia hapo. Wanunuzi kadhaa waliirudisha dukani wakidai ni mbovu; wengine waliinunua kwa sababu hiyohiyo. Radi aliendelea kuimba na dada yake akaendelea kumrekodi, ila hakukubali tena kufanya kazi chumbani. Kila tamasha mashine zake huwekwa nje, mahali anapoweza kuwaona watu.