Pua wa Kituo cha Maziwa

Kituoni walimwita Pua, naye alilibeba jina hilo kama cheo. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akafunua makopo ya wafugaji, akainama, akanusa na kuhukumu: "Mimina." "Rudi nayo." Aliyerudishwa hakuwa na pa kukata rufaa.

Yakaja mafua. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote. Mkewe aligundua kabla yake, siku maharage yalipoungua na bwana amekaa hapo hapo jikoni akisifu mapishi.

"Baba Pacha, pua yako imekufa."

"Ife? Jana kitunguu kiliniliza, hukuniona?"

Moyo wa mkewe haukutulia. Wanawe walikula kwa pua ile. Akamwita mdogo wake, muuguzi, aliyekuja na vichupa vitatu, akamfunga shemeji yake kitambaa machoni. Kwa siki, bwana aliruka. Kwa spiriti, akapiga chafya.

"Na hiki?"

"Maji matupu. Usinifanye mtoto."

Kilikuwa kimejaa kahawa.

"Shemeji," muuguzi akasema, akiuma midomo asicheke, "hapo hukunusa kitu. Uso una mishipa yake ya fahamu, machoni, puani na mdomoni, inayohisi vitu vikali hewani. Itakuambia unachomwa. Haitakuambia hiki ni kahawa. Na maziwa yakianza kuharibika hayachomi."

"Wewe kadunge watu sindano. Pua niachie mwenyewe."

"Basi angalau uwe unaonja," mkewe akamsihi.

"Pua haonji! Wanaoonja ni wale wasiojua kunusa."

Kwa kuwa hakunusa wala hakuonja, akaanza kusoma nyuso. Jirani yao, mjane mwoga anayetetemeka hata akisalimiwa, alirudishwa mara tatu na maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa alfajiri. Alimwaga machozi yake kwa mke wa Pua, na mke wa Pua akakosa pa kuuweka uso. Wakati huo walaghai walipita meno yote nje, na Pua akiwapigia saluti.

Mwisho akaja mmoja mwenye tabasamu pana kuliko mlango. Pua akainama juu ya kopo lake, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa raha. "Haya ndiyo maziwa! Mimina." Kufika mchana, tangi zima lilikuwa limeharibika, na harufu yake ilimfikia kila mtu barabarani isipokuwa mhusika.

Kwa huruma hawakumfukuza. Walimpeleka nyuma, kuosha makopo kwa dawa ya klorini.

Mkewe alimngoja mlangoni na maneno ya kumfariji. Akamwona anakuja, macho mekundu kama pilipili, kifua mbele.

"Pole, baba."

"Pole ya nini? Huko nyuma dawa ikizidi tone moja, najua kabla ya wote! Nimewaambia, Pua ni Pua."

Mkewe alikwenda jikoni, akainusa sufuria, akaiepua haraka. Nyumba ile ilikuwa imebakiwa na pua moja tu, na haikuwa ile yenye cheo.