Sungura Wangu na Isale la Shemeji

Naona aibu kulisema hili, na hasira bado ninazo, kwa hiyo nikipandisha sauti katikati mnivumilie tu. Mimi ndiye niliyevuruga upatanisho wa mume wangu na kaka yake, ndani ya sebule yangu mwenyewe hapa Kijenge, mama mkwe akiwa katikati ya sala. Na niliuvuruga kwa sungura.

Ndiyo, sungura. Anaitwa Njugu, namfuga, simli. (Najua mnachotaka kusema, kila anayeingia uani kwangu huuliza nitamchinja lini, nimechoka kujibu.) Mimi ni fundi cherehani, nashinda nyumbani peke yangu na huyu mnyama anashinda miguuni pangu, ndiyo maana namjua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo ukimnyatia kwa nyuma anakuona, mwewe akipita juu anamwona, lakini kitu kilicho chini ya pua yake hasa hakioni, ukimpa jani la mchicha analitafuta kwa midomo na ndevu utadhani anapapasa gizani. Masikio nayo kila moja linasikiliza upande wake. Akinusa au akisikia asichokipenda anapiga chini kwa mguu wa nyuma, unasikia mlio, tu!, kuwaambia sungura wenzake wajihadhari, hata kama wenzake hawapo na tuliopo ni mimi na cherehani. Na hashikwi kwa juu, wala hashikwi masikio, kwa sababu kinachomjia kwa juu kwake ni mwewe. Hilo nimelihubiri mtaa mzima mpaka watoto wa jirani wananiita mchungaji wa sungura. Mlishike hilo, maana ndilo lililonivua nguo.

Sasa huyo kaka mtu. Shemeji Elisaria ndiye mkubwa, anakaa kwenye kihamba, shamba la migomba la familia, huko juu ya Kikatiti, na ndiye aliyeng'oa masale, ile mimea ya majani marefu ya mpakani, akayapanda upya ndani ya upande wetu. Kwetu masale ndiyo mpaka, ukiyasogeza umeiba, hakuna jina lingine. Baba Glory, mume wangu, akaacha kumsalimia. Mama mkwe kazeeka, kitu pekee anachokitaka ni kuwaona wanawe wawili wakila sahani moja kabla hajafumba macho, na alimlilia Shemeji mpaka akalainika, akatuma neno kwamba atakuja kwetu na isale mkononi. Maana jani hilohilo la mpakani ndilo la kuombea msamaha, mkosaji akikuletea hulikatai, hata kama amekuchomea nyumba. Kaka mkubwa mwenye kiburi kile kumletea mdogo wake isale! Nyie hamumjui Shemeji.

Asubuhi ya siku hiyo Baba Glory akaniambia nimpeleke Njugu kwa jirani, wageni watapita uani, hataki kaka yake anione naongea na kitoweo. Kitoweo! Damu ikanichemka. Nikasema moyoni haendi kwa jirani (jirani mwenyewe ana sufuria kubwa, simwamini hata kidogo), nikamtia kwenye boksi la sabuni, nikalisukuma nyuma ya kochi kubwa sebuleni, nikalifunika kitenge. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kabisa, haukuchukua hata muda wa kukaanga kitunguu.

Wakaja, mama mkwe na Shemeji, na Shemeji amevaa lile koti lake zito la baridi ya mlimani, na kati ya viti vyote vilivyokuwepo akaenda kukaa kwenye kochi lilelile. Huko kwake ana mbwa wanaolinda ndizi, na koti likiwa barazani mbwa ndio wanaolilalia. Mimi sikunusa kitu, pua yangu ilikuwa kwenye pilau. Njugu alinusa.

Mama mkwe akaanza kuomba, na sala za mama mkwe ni ndefu, zinapitia ukoo mzima hadi waliokufa. Alipofika kwa babu yao nikasikia nyuma ya kochi, tu! Mama akafumbua jicho moja akasema kuna mtu mlangoni, Baba Glory akaenda kufungua, hakuna mtu. Akarudi, sala ikaendelea, tu tena, akaenda tena, hakuna mtu. Mimi jasho linanitoka mpaka kwenye magoti, nasema amina mahali ambapo si pa amina.

Kisha Shemeji akasimama. Akalitoa isale ndani ya koti (na hapo harufu ndiyo ikafunguka), akalishika kwa mikono miwili, akaanza kusema kwamba yeye ndiye mkubwa na alipaswa kuwa na akili kuliko mdogo wake. Tu. Akanyamaza. Akaanza upya. Tu, tu. Akamtazama mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kochi hilohilo amekunja mguu.

"Mimi naomba msamaha, wewe unanigongea mguu?"

Baba Glory akasema hajagonga. Shemeji akasema amesikia kwa masikio yake, na tangu utotoni mdogo wake akichoka kusikiliza hugonga mguu. Mimi nikaona kila kitu kinaporomoka, na badala ya kusimama niseme "jamani ni sungura wangu", maneno manne tu, nikajipenyeza nyuma ya kochi, nikaingiza mkono kwenye boksi kwa juu, nikamkamata Njugu masikio. Mimi. Mchungaji wa sungura.

Kama hujawahi kumsikia sungura akilia, usiombe. Hana sauti mwaka mzima, lakini akiona anakufa anapiga ukelele wa mtoto mchanga. Mama mkwe akaita jina la Yesu. Njugu akanichana mkono kwa miguu ya nyuma, akaniponyoka, akapita begani kwa Shemeji, isale likaanguka, Shemeji akarudi nyuma akaipiga teke ndoo ya mbege, pombe ya ndizi waliyokuja nayo, na mbege yote ikaenda kwenye zulia na kwenye viatu vyake vya kanisani. Njugu akatua katikati ya sebule akaganda. Nikawaambia asiguswe, nikasema kwa sauti ya utaalamu kabisa kwamba akiachwa atatulia mwenyewe, na kweli akatulia, pua ikaanza kucheza, ndevu zikagusa kitu chini ya kidevu chake ambacho hakukiona. Akaanza kulitafuna. Isale.

Na mume wangu akacheka. Hilo ndilo ambalo mpaka leo linanipandisha presha. Ningemfinya, nilikuwa mbali.

Shemeji akafuta koti, akachukua kofia. "Nimeleta isale, mmempa sungura," akasema, akatoka. Mama mkwe akamfuata bila kuonja pilau, na hakulia, afadhali angelia.

Tuligombana mimi na Baba Glory mpaka majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Mwisho tukajua ni lipi la kufanya, kwa sababu kwetu hakuna lingine: sasa wakosaji ni sisi. Tukapanda Kikatiti, tukachuma isale, na tulilichuma palepale kwenye ule mpaka uliosogezwa, nikiwa nimekasirika kiasi kwamba karibu ning'oe mche mzima. Nikampa shikamoo Shemeji, akaitikia huku anaangalia migomba. Baba Glory akamnyooshea jani. Shemeji hakulipokea. Akasema atalipokea siku atakayokuja Kijenge akute yule mnyama yuko kwenye sahani, na sahani hiyohiyo ndiyo watakula wote wawili, mama aone.

Mama mkwe akanigeukia mimi. Yule mama hajawahi kuniomba kitu, na macho yake yalikuwa yanaomba. Nikafungua mdomo, sijui ningesema nini, Mungu ndiye anajua, na nadhani ningekubali. Lakini Baba Glory alinitangulia, yeye aliyemwita kitoweo, mkono bado umenyoosha jani.

"Kaka, sungura hakuhamisha mpaka."

Mbwa mmoja akaja akaninusa sketi, akaondoka. Shemeji akaangalia masale yake aliyoyapanda mwenyewe, akaangalia jani, kisha akalipokea.

Mpaka umerudi mahali pake, na mama ameiona sahani yake, ya pilau. Mimi nimejiapiza sitamficha tena Njugu kwa ajili ya mgeni yeyote, na mkono wangu huu hautagusa tena sikio la sungura, na atakayemwita kitoweo mbele yangu suruali yake nitaishona miguu iliyopishana. Shemeji huja sasa, kila akipata safari ya mjini. Koti analivua nje, analitundika getini, ndipo anaingia. Hajaniambia kwa nini, na mimi sijamuuliza.