Mdomo wa Mama Kwenye Shuka Jeupe

Watu wa mradi sikuwapenda tangu siku ya kwanza, na sitajifanya hapa kwamba niliwapenda. Walikuja kijijini kwetu, upande wa Igamba, na gari refu lenye jenereta nyuma, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la kahawa ili watuonyeshe filamu za kujenga bila kuharibu mazingira. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali za kuchoma. Filamu zilikuja kutukataza tofali za kuchoma. Hakuna hata mmoja wao aliyeona aibu.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Tunduma, ambako nilikuwa natafsiri mikanda kwenye kibanda cha video. Wateja wetu walikuwa madereva wa malori na utingo wao, watu waliokwama wakisubiri kuvuka mpaka, na mtafsiri mvivu walimrushia maganda ya miwa. Kwa hiyo mradi ulipotafuta mtu wa kugeuza Kiingereza cha filamu kuwa Kiswahili, na Kinyiha kidogo kwa ajili ya wazee, nilitajwa mimi. Nilikubali kwa sababu naipenda maiki kuliko ninavyowachukia watu.

Mkubwa wao alikuwa kijana wa mjini mwenye suruali ya mifuko mingi. Tulimwita Mtaalamu kwa sababu ndivyo alivyojiita. Alituonyesha filamu za mashine ya mkono inayokandamiza udongo na saruji kidogo, likatoka tofali lenye meno ya kushikana na mwenzake, lisilohitaji moto wala kuni. Wazee walinung'unika. Walikuwa wamehangaika maisha yao yote kutoka kwenye nyumba za udongo, na sasa mtu aliyeshuka kwenye gari anawarudisha udongoni. Mmoja aliuliza kama mashine itabaki kijijini. Mtaalamu akasema mashine ni ya maonyesho. Na saruji je? Akajibiwa kwamba huo ndio mchango wa jamii. Tulicheka sana, na si kicheko cha furaha.

Sisemi miti haiishi. Inaisha, nimeiona ikiisha, na mvua zetu siku hizi hazina adabu. Lakini Mtaalamu alikuwa akilala nyumba ya wageni ya tofali za kuchoma, akaamka na kuja kutuhubiria. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Hayo yote ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni habari ya mama.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya tofali mbichi. Masika moja mvua ilipiga mfululizo, ukuta ukalowa mpaka ndani, ukamwangukia mdogo wangu wa kike akiwa amelala. Majirani walifukua kwa mikono. Walipomfikia alikuwa ameshakufa. Tangu siku hiyo mama aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayelala tena chini ya tofali mbichi. Baba naye alikuwa ameshatangulia, akatuachia miti ya milingoti aliyoipanda mwenyewe kwa ajili ya kujengea. Mama akafyatua tofali, akapanga tanuru nyuma ya migomba, akazichoma kwa milingoti hiyo.

Tanuru likiwa bado linafuka, Mtaalamu alipita na kamera. Alisifu kazi, akamwomba mama aeleze. Mama aliingia ndani akavaa kitenge chake cha kanisani, akasimama kando ya tanuru, akaongea. Nilikuwepo, nimeshika birika la chai ya wageni. Aliwaambia mambo ambayo hata sisi wanawe hakuwahi kutuambia: jinsi alivyosikia ukuta ukitoa sauti akadhani ni ng'ombe anajikuna, jinsi alivyotambua mguu wa mtoto kwenye tope. Alipotamka jina la marehemu alijishika koo. Mtaalamu aliitikia kwa kichwa, akanywa chai yetu, akasema watu wengi watajifunza kutoka kwake.

Mama aliamini. Alitangaza kwa majirani wote kwamba ataonekana kwenye sinema akisimulia habari za mwanawe, na siku filamu ilipoletwa alikaa benchi la mbele na kitenge kilekile. Mimi nilikuwa sijaiona bado. Mtafsiri wa mradi hakuonyeshwa kitu mapema.

Ulianza moshi, na muziki wa kutisha. Kisha akatokea mama, mdomo unacheza, sauti haipo. Juu ya mdomo wake alikuwa akiongea mwanamume mmoja kwa Kiingereza. Alisema hawa ndio wanaoteketeza misitu kwa kutojua, na kwamba mwanamke huyu anachoma kesho ya wajukuu zake.

Nikashusha maiki. Watu wakaanza kupiga kelele kwamba nitafsiri. Mama akageuza shingo akaniuliza, "Wanasemaje, baba?"

Ningeweza kudanganya. Kule Tunduma nilishawadanganya watu wazima mara nyingi. Lakini hasira ilikuwa imenifika hapa, nikataka kila mtu ajue wageni wanavyowasema waliowapa chai. Nikayasema yote kwa Kinyiha, neno kwa neno. Kulikuwa na waliocheka. Ninawajua, na sijawasamehe.

Mama hakunitazama tena. Alikuwa anatazama shuka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdomo ni wangu. Mbona sauti si yangu?"

Nikamwambia fundi wa mitambo arudishe nyuma. Alidhani kuna hitilafu, akarudisha. Mtaalamu alinikonyeza niendelee na ujumbe, nami nikajifanya simwoni. Kazi ya mikanda ina sheria moja: mdomo ukifunguka, mtafsiri anaufuata. Mdomo wa mama ulipofunguka nikaufuata. Yule wa Kiingereza nilimwacha aongee peke yake. Nilisema mvua, nilisema ukuta, nilisema mikono ya majirani iliyofukua, na wenye mikono hiyo walikuwa wamekaa mbele yangu. Mkono wa mama ulipopanda kooni pale kwenye shuka, nikatamka jina la mdogo wangu kwenye maiki. Hakuna aliyecheka tena.

Mtaalamu alichomoa waya wa maiki. Alisema ninaharibu ujumbe. Mama akainuka akamfuata, naye akabadilisha sauti, akawa mpole kama mtu anayemwongelesha mgonjwa. Alimweleza kwamba filamu ni fupi, kwamba si kila kitu kinaweza kuingia, kwamba asijione yeye pale, yeye ni mfano tu.

"Kama hamkuwa na nafasi ya mtoto wangu," mama alisema, "na moshi wangu mngeuacha."

Wakakunja shuka, wakapakia jenereta. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema; sisi tulibaki na harufu ya dizeli. Mama alimaliza nyumba yake mwaka uliofuata, na ndani yake hakuna ukuta uliolia mpaka leo.

Filamu hawakuibadilisha. Waliipeleka Mkwajuni, wakaipeleka Saza, na huko kote mama alikwenda bila sauti. Nililijua hilo siku tulipokuwa stendi ya Vwawa tumebeba gunia la maharage. Dereva mmoja wa bodaboda aliyetoka pande za Mkwajuni alimkodolea mama macho, kisha akaangua kicheko akawaita wenzake. Akamuuliza kama si yeye yule mama anayemaliza misitu kwenye sinema.

Nilitua gunia. Nilikuwa nimeshakunja ngumi, na ningempiga kwa moyo mmoja. Mama akanivuta shati, akanisogeza pembeni, akasimama mbele ya taa ya pikipiki ya yule kijana.

"Ndiye mimi," akamwambia. "Zima hiyo pikipiki, nikuambie nilichokuwa nasema."

Kijana aliwatazama wenzake. Kisha akaizima.