Kayamba Haimo

Juma hili nilipeleka redio yangu kwa fundi mmoja karibu na stesheni ya Shinyanga. Nilimkuta na mteja, mwendesha mashine wa kiwanda cha kuchambua pamba, amevaa hedifoni nene za Kijerumani na kufumba macho kama anayesali.

"Haimo!" alisema kwa sauti kubwa, akizivua. "Gitaa limo, besi imo, kayamba haimo. Mwanangu, umeniletea mbovu tena."

"Mzee, hizi ni za tatu," fundi alijibu, karibu kupiga kelele. "Za Kijapani umezikataa, za Kiholanzi umezikataa."

"Santuri hii ninayo tangu ujana. Mpiga kayamba alikuwepo!" Akanigeukia. "Ndugu, wewe huuzi kitu hapa. Sikiliza, useme kweli."

Nikazivaa. Kayamba ilikuwepo nyuma ya gitaa, safi kama mtu anapepeta mtama. Fundi aliinama, akijifanya anatafuta bisibisi.

"Naisikia, mzee."

"Eti?"

"Nimesema naisikia!"

Akanitazama kwa huruma. "Hata mke wangu anasema hivyo. Shida yenu, nyinyi si watu wa muziki. Fundi, agiza nyingine."

Fundi akachukua kalamu taratibu, akaandika.

Nilifikiria miaka ambayo mzee alisimama kando ya mashine ile ya pamba, ikinguruma masikioni mwake. Ukweli nilikuwa nimeshausema, tena mara mbili. Kuusikia kulikuwa kazi yake, na sote watatu tulikuwa tumechoka.