Fimbo ya Biliadi Haipakwi Mawese

Niliingia Uvira nikinuka mawese. Kutoka Kalemie nilipanda boti hadi Baraka pamoja na mbuzi waliokula daftari langu la anwani, na kutoka Baraka nikapanda lori lililobeba mapipa ya mafuta. Mapipa ndiyo yalikuwa viti. Lori lilikwama mara nne, na kila lilipokwama tulishuka kusukuma, kisha tukarudi kukaa juu ya mapipa yanayovuja. Nilipofika mjini, suruali yangu ilikuwa na rangi ya machungwa mpaka magotini.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, diploma ya sekondari, na kazi tisa nilizokwisha kuziacha. Kabla ya safari nilimwahidi mama yangu kwamba mara hii nitakaa kwenye kazi moja mwaka mzima. Alicheka mpaka akakohoa. Kicheko kile kilinichoma, ndiyo maana niliomba kazi siku ileile, katika sali ya kwanza ya biliadi, yaani ukumbi wa mchezo huo, niliyoiona pale mtaa wa Songo, ukuta kwa ukuta na kanisa.

Mwenye sali tulimwita Mama Patroni. Alikuwa mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito, na hata akiuliza saa ungedhani anakemea pepo.

"Weye unajua nini?"

"Kusoma na kuandika, Mama. Na hesabu kidogo."

"Hapa hatuandike kintu. Unajua kupangusa?"

"Kupangusa? Nani asiyejua?"

"Bote banasema vile," akasema, akanipa chumba nyuma ya sali na fimbo kumi na mbili za kutunza.

Aliyenifundisha kazi ni msimamizi wa sali, tuliyemwita Jeran. Alinieleza kwamba fimbo ina kishiko, yaani sehemu nene ya nyuma. Ina shingo, ule mti mwembamba unaopita katikati ya vidole. Na mwishoni ina kofia ndogo ya ngozi. Mchezaji hupaka ngozi hiyo chaki ya buluu ili isiteleze juu ya mpira. Chaki huanguka, hukutana na jasho, huingia kwenye vitundu vya mti, na baada ya mwezi shingo inakuwa kama ya mtu aliyekabwa.

"Kitambaa chenye maji kidogo," alisema Jeran. "Ukamue mpaka kilie. Upanguse, halafu papo hapo ukaushe. Mti ukikunywa maji, unaota manyoya. Msasa ni mara moja kwa mwaka, tena ule laini kabisa. Minye niliona muntu alipiga msasa kila juma, fimbo ikabaki kijiti cha meno."

Akaondoka kwenda Sange kwenye matanga ya mjomba wake. Nikabaki mwenyewe na elimu ya siku mbili.

Vijana, hatari ya elimu ya siku mbili ni kwamba inakupa hamu ya kuiongeza. Niliona Uvira nzima inapaka mawese: mpini wa jembe, kasia, ngozi ya ngoma, hata magoti ya watoto siku ya sherehe. Nikajiuliza, fimbo ina dhambi gani? Jumapili moja asubuhi, sali ikiwa imefungwa, nikachukua fimbo ambayo Mama Patroni aliipenda kuliko zote na kuipaka mawese kuanzia shingoni. Iling'aa kama mgongo wa samaki. Nikajisikia fundi.

Lazima niseme kwamba Jumapili sali ilikuwa haifunguliwi kabla ya ibada kwisha. Mama Patroni alikuwa ameahidi hivyo mbele ya Mchungaji wa lile kanisa la jirani, na mfanyakazi aliyevunja ahadi hiyo alijua mlango uliko.

Basi akatokea Shemasi wa kanisa hilo, Biblia kwapani, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata.

"Iko wazi?"

"Imefungwa, Baba Shemasi."

"Minye sikuje kucheza. Nakuja kuangalia kazi yako tu." Aliinua fimbo, akafumba jicho moja. "Eeh! Iko inang'aa! Lete mupira moja."

"Baba Shemasi, leo ni Jumapili."

"Mupira moja haiko muchezo, ndugu yangu. Muchezo unaanza na mipira mbili."

Alicheza mpaka kengele ya kanisa ikalia. Shemasi alikuwa mashoto: alisukuma kwa mkono wa kushoto, na shingo ya fimbo iliteleza katikati ya vidole vya mkono wa kulia. Joto lilikuwa kali, na yeye alipaka chaki kabla ya kila pigo kama mtu anayetia chumvi chakula cha jirani. Hakuna kati yetu aliyewaza nini hutokea chaki ya buluu ikikutana na manjano ya mawese. Alijifuta kwa kitambaa bila kuangalia, akakimbia ibadani. Nikafunga sali, nikamfuata.

Kanisani kwetu, ibada ikiisha, Mchungaji hutoka wa kwanza na kusimama mlangoni. Anayefuata humsalimia, kisha husimama kando yake. Wa tatu huwasalimia hao wawili na kusimama, hivyo hivyo mpaka mstari unazunguka uwanja na kila mkono umeshika kila mkono. Siku hiyo aliyefuata baada ya Mchungaji alikuwa Shemasi.

Mimi nilitoka karibu na mwisho. Nilipofika uwanjani, waumini wote walikuwa wanatazama viganja vyao. Vilikuwa kijani, kijani cha sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa. Mama mmoja alikuwa amejipangusa kwenye kanzu ya kwaya na sasa alikuwa na sombe kifuani.

Mama Patroni alinusa kiganja chake. "Hii iko mawese," akasema. Akanusa tena. "Na hii ingine iko chaki yangu."

 Macho yote yakapanda mstari, mkono kwa mkono, mpaka mwanzo wa mstari. Na mwanzo wa mstari alikuwa Mchungaji, kiganja kijani, anakitazama kama kimeletwa na mtu mwingine.

"Mchungaji?" Mama Patroni aliuliza kwa sauti ndogo, na kwake sauti ndogo ilitisha zaidi.

"Mama, minye hata fimbo siijue!"

Shemasi alikuwa ameuficha mkono mfukoni, na mfuko ulikuwa umeanza kuwa kijani. Nilifikiria chumba changu. Nilimfikiria mama yangu na kile kicheko. Mwezi wangu wa pili ulikuwa haujaisha. Lakini Mchungaji hakuwa na kosa.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyeipaka fimbo mawese, na sali niliifungua."

"Unafikiri fimbo yangu iko samaki ya kukaanga?"

"Hapana, Mama."

"Na weye umetoka nyuma kabisa. Mukono ya Mchungaji umeigusa saa ngapi?"

 Shemasi aliutoa mkono mfukoni taratibu. "Ilikuwa mupira moja," akasema.

Mama Patroni alitutazama wote wawili. "Jumamosi bachezaji ba Sange banakuja. Fimbo yangu ikikuwa safi, utabaki. Ikikuwa bado iko sombe, weye unapanda gari ya kwanza. Na Baba Shemasi atakusaidia, mbele ya bantu bote, pale kwenye baraza."

Siku sita. Maji yalikimbia juu ya mafuta. Alkoli ya famasi ilitoa kijani kidogo, ikaacha kingi. Jumatano Shemasi alileta mfuko wa unga wa muhogo, ule wa kupikia fufu, kutoka shambani kwake Runingu. "Bibi yangu anatoaka mafuta kwenye shati na hii," akasema. Tukaifukia shingo ndani ya unga mkavu, tukaubadilisha asubuhi na jioni. Unga ulitoka wa kijani, kisha wa manjano, kisha mweupe. Ijumaa tukapitisha msasa laini mara moja, halafu tukasugua kwa karatasi ya mfuko wa saruji mpaka mti ukapata moto. Wapita njia walimsalimia Shemasi kwa kuficha mikono nyuma.

Jumamosi Mama Patroni alitoa leso nyeupe, akaivuta juu ya shingo yote. Ikatoka nyeupe.

"Iko inanuka fufu," akasema, akaondoka. Hivyo ndivyo nilivyobaki.

Nilibaki miaka kumi na mitano. Jeran aliporudi na kusikia, alisema hakuna cha kuniongezea. Nilijifunza kuwajua wachezaji kwa madoa: mwenye hofu huchafua karibu na ngozi, mwenye majivuno huchafua nusu fimbo. Mama Patroni naye alijifunza. Kila Jumatatu alikagua shingo zote, na mara mbili au tatu alisema tu, "Baba Shemasi alipita hapa jana," na alikuwa sahihi.

Kisha zikaja fimbo mpya kutoka Bujumbura, zenye ganda la plastiki juu ya mti wote. Doa halishiki. Mtu yeyote anaipangusa kwa shati lake na inakuwa mpya. Nilizitunza juma moja, na kazi ya juma hilo ingeisha kabla chai haijapoa. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili tu. Hata hivyo nilijua nimestaafu.

Siku ya kuaga, Mama Patroni alikuwa ameketi barazani na fimbo mpya magotini, anaigeuza huku na huku.

"Baki, utakuwa jeran."

"Wa kupangusa nini, Mama?"

Alivuta leso juu ya plastiki, akaitazama. Nyeupe. Hakufurahi.

"Ubaya ya hii fimbo," akasema, "haikuambie nani alicheza."

"Nani alikushauri kuzinunua?"

Aliikunja leso. Halafu nikaona shingo yake inainuka polepole kuelekea kanisani.

"Baba Shemasi," akasema.

Nilikuwa bado nacheka nilipopanda gari la Bukavu.