Firigisi ya Mkutano wa Bungoma

Kama kuna maneno yaliyokaribia kunitia wazimu nilipopewa umeneja mkuu, ni "hakuna shida". Kampuni yetu inauza mbegu za mahindi. Ina tawi Kitale na lingine Bungoma, na kila tawi lina meneja wake. Tulikuwa tukikutana, mmoja anafungua kwa sala, tunakubaliana kila kitu, mwingine anafunga kwa sala. Nikiuliza kama kuna mwenye neno, ni hakuna shida, madam, hakuna shida kabisa. Kisha kila mmoja anarudi kwake kufanya apendavyo.

Matokeo yake yalikuwa aibu tupu. Siku moja malori yetu mawili, la Kitale na la Bungoma, yalikutana sokoni Moi's Bridge, upande wa Kitale, madereva wakigombania wateja wale wale huku wamevaa mashati ya kampuni moja. Wakati huo huo wakulima wa Myanga, upande wa Bungoma, walikuwa wakitungoja juani, na hatukuwapelekea hata toroli. Mzee mwenye kampuni akanipigia simu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mvua ikianza kabla hawa mameneja wawili hawajajifunza kufanya kazi pamoja, atafunga tawi la Bungoma. Tawi hilo ndilo lililoniajiri nikiwa sina mbele wala nyuma, na watu wa pale ni kama ndugu zangu. Nilikosa usingizi.

Nikaitisha mkutano Bungoma. Meneja wa Kitale alikuja, pande la mtu, kicheko chake unakisikia kutoka barabarani. Meneja wa Bungoma, mwembamba, mpole, bingwa wa kununa kimyakimya, akatupokea kwa adabu zote. Asubuhi ikaenda vile vile: sala, chai, hakuna shida. Nilitamani kurusha kikombe ukutani.

Saa ya chakula ikafika. Mama mpishi wa pale akaleta ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji. Sasa, kuku ni mmoja na firigisi ni moja, na kwetu firigisi haiendi kwa yeyote tu. Ni ya mwanamume mwenye boma, au ya mgeni wa heshima kubwa. Mama yangu amepika kuku maisha yake yote na hajawahi kuionja. Mama mpishi, Mungu ambariki, akaamua mgeni ndiye mkubwa, akaiweka mbele ya meneja wa Kitale.

Meneja wa Bungoma akaacha kula. Akanawa mikono na ugali wake bado unatoa mvuke.

"Kwani ni nini, ndugu yangu?" mwenzake akamuuliza.

"Hakuna..." akaanza, kisha akagonga meza. "Aa, shida iko! Mbegu ya Myanga, ya tambarare, mnafungia huko Kitale, mimi mnaniletea ya milimani. Nipande wapi, juu ya paa? Si ndio nikaipeleka Moi's Bridge? Na sasa hata firigisi, kwa meza yangu?"

Nikajisemea, basi, tumekwisha. Lakini yule wa Kitale alikuwa amekodoa macho.

"Hiyo mbegu ya Myanga imejaa kwa stoo yangu, hata pa kuweka miguu hakuna! Kule kwetu milimani nani ataitaka? Nilidhani nyinyi mmeikataa. Si ungesema, bana?"

"Si ungeuliza?"

"Nikuulize nini, na kila siku wewe ni hakuna shida tu?"

Wakapigiana kelele mpaka mama mpishi akachungulia mlangoni. Mimi nilikuwa nimefurahi, jamani, sijui hata niseme vipi. Miezi yote hiyo ya sala na chai, na shida yenyewe ilikuwa imelala kwa stoo ikingoja mtu aitaje.

Walipochoka, aibu ikawaingia. Yule wa Kitale akasukuma sahani. "Chukua firigisi yako." Mwenzake akairudisha. "Aa-a, wewe ni mgeni." Ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. Nikaona hawa watatulaza hapa. Nikanyoosha mkono, nikaichukua, nikaitia mdomoni.

"Wuuui!" mama mpishi akashika kichwa.

"Mwenye boma sasa ni mimi," nikasema nikitafuna. "Lori ya kuleta hiyo mbegu ya Myanga inatoka lini?"

Yule wa Kitale akacheka hadi akafuta machozi kwa mkono wa shati. Mwenzake akajaribu kununa, ikamshinda. Lori likatoka kesho yake.

Mvua ilipoanza, mzee akaja Bungoma mwenyewe kuamua. Mchana tukaketi wote mezani. Sahani ya firigisi ikaingia, na mzee akajiweka sawa kitini kama mtu anayejua haki yake. Meneja wa Bungoma akaipokea, akampa wa Kitale, wa Kitale akaiweka mbele yangu. Hawakutazamana wala kuambiana neno. Wakaendelea kumega ugali.

Mzee akaitazama firigisi, akawatazama wao.

"Basi tawi libaki," akasema, akajichotea mchuzi.

Machozi yalinilenga. Nikaitafuna yote, na ukweli ni kwamba firigisi siipendi hata kidogo. Mama mpishi akainama akaniuliza kama imeiva vizuri.

"Hakuna shida, mama," nikamwambia.