Michezo Kumi na Tisa ya Kocha Verna

Verna Haugland hakuwahi kucheza mpira wa kikapu mbele ya watazamaji hata siku moja. Enzi za usichana wake, shule za upande wetu wa Minnesota hazikuwa na timu za wasichana, basi alicheza ghalani kwao na kaka zake wanne, kwenye pete ya pipa iliyopigiliwa juu ya mlango wa ng'ombe. Walimsukuma akaangukia samadi, akainuka, akafunga. Hayo alituambia mara moja tu, tena kwa sababu Marit, mmoja wa wachezaji wenzangu, alimuuliza alijifunzia wapi kutumia kiwiko vile.

Mimi nilimkuta chuoni Halstrom mwaka 1979. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mrefu, mkavu wa maneno, hana mume wala mtoto. Kazi aliyoajiriwa nayo ilikuwa kufundisha mazoezi ya viungo na kuogelea. Timu ya wasichana aliongezewa tu, kama punda anavyoongezewa gunia kwa kuwa hajalalamika. Jezi alizifua kwake. Namba za mgongoni alizikata mwenyewe kwenye kitambaa kizito akazishona, ndiyo maana saba yangu ilikuwa imeinama kidogo kama mlevi.

Wavulana walikuwa na ukumbi mchana kutwa. Sisi tuliachiwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza, ukumbi baridi kama bohari la nyama. Siku moja wavulana waliwahi kuja, wakasimama mlangoni wakicheka.

"Kina dada, mkimaliza mchezo wenu wa jikoni mtufagilie sakafu!" mmoja akapaza sauti.

"Tutafagia," Marit Dybdahl akamjibu, naye alikuwa na futi sita na inchi mbili. "Sogea hapa tuanze na wewe."

Kocha Verna hakucheka. Alipuliza kipenga, akanigeukia mimi. "Brekke! Mkono wako wa kushoto umeuacha kwenu unakamua ng'ombe?"

"Upo hapa, Kocha."

"Mbona siuoni ukifanya kazi?"

Akavua skafu yake, akanifunga mkono wa kulia kiunoni, nikacheza hivyo wiki tatu. Nililia, nikamtukana kimoyomoyo. Mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa nafunga kwa kushoto nikiwa nimefumba macho, naye akasema, "Si vibaya." Kwake hiyo ilikuwa sifa ya kukatia keki.

Msimu wa 1981 tulianza tukiwa tisa. Tukapoteza mchezo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baada ya ule wa tatu, ndani ya gari aliloazima kwa kaka yake, gari lisilo na joto, tumejifunika mablanketi ya farasi, Peggy mmoja wetu akaanza kulia. Kocha alikuwa anaendesha, theluji inapiga kioo. Akasema bila kugeuka, "Lieni mpaka darajani. Tukivuka daraja, basi."

Tukalia mpaka darajani. Tulipovuka tukanyamaza, na hatukupoteza tena.

Sijui niieleze vipi miezi ile. Tulishinda kumi mfululizo, watu wa mji wakaanza kuja, kwanza baba zetu waliokuja kwa aibu, kisha mwenye duka la zana za kilimo, kisha akina mama wa kanisani wakatuletea viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa kwenye sinia kubwa, tukale njiani. Tukashinda kumi na tano. Mzee mmoja aliyekuwa hajawahi kunitazama mara mbili alinisimamisha posta akanieleza kwa dakika nzima nilivyopaswa kumkaba mtu. Marit alikuwa anapokea mpira juu ya vichwa vya watu kama anayechuma matofaa. Wavulana mwaka huo walishinda michezo minne yote pamoja, na ukumbi kwao ulibaki mtupu.

Fainali ya kanda ilichezwa mji wa Fargo. Zikiwa zimebaki sekunde tisa tulikuwa nyuma, sitini na moja kwa sitini. Marit alikuwa benchi, ametolewa kwa faulo ya tano. Kocha akaomba muda, tukamzunguka. Hakuchora kitu ubaoni. Akaniangalia tu, akasema, "Brekke. Kushoto." Nilikimbia upande wa kushoto, yule msichana aliyenikaba akangoja nirudi kulia kama alivyoambiwa, mimi sikurudi. Mpira ukagonga ubao wa nyuma ya pete ukaingia. Ule ulikuwa ushindi wa kumi na tisa mfululizo. Nilipogeuka nilimwona Kocha Verna amekaa kwenye kiti, uso ameufunika kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia.

Mwezi wa nne, theluji ikianza kuyeyuka, Bwana Lindquist, mkurugenzi wa michezo wa chuo, akaniita ofisini kwa kuwa nilikuwa nahodha. Kahawa ilikuwa mezani, na biskuti.

"Keti, Jolene, keti. Mmetupa heshima kubwa. Sasa chuo kinataka kuwekeza kwenu. Basi la kweli, viatu vipya, ufadhili wa masomo kwa wachezaji watano." Akanisogezea biskuti. "Baba hajambo? Nasikia ameuza nusu ya ng'ombe wake."

"Ndiyo, Bwana."

"Pole. Ufadhili wa kwanza ungekuwa wako, bila shaka." Kisha akatoa karatasi. "Ila timu ya kiwango hiki inahitaji mtu wa kiwango hiki. Verna amejitahidi sana, hakuna anayebisha. Lakini ni mwalimu wa kuogelea, unanielewa?"

Karatasi ilisema sisi wachezaji tunaomba kocha mwenye uzoefu mkubwa zaidi. Chini kulikuwa na mistari tisa mitupu. Niliisoma mara mbili. Nilijua ni uongo. Nilimfikiria baba akisimama kwenye zizi lenye nafasi tupu, nikawaza kwamba pengine wameshaamua, sahihi yangu haibadilishi kitu. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi la kujiambia. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu kwenye mstari wa kwanza.

Wenzangu walipoona jina la nahodha wakafuata, wengine bila kusoma. Marit peke yake alikataa. Alinikuta bwenini nakunja nguo.

"Ni sahihi yako kweli?"

"Marit, wangemwondoa hata hivyo."

"Sijakuuliza hilo."

"Ni yangu."

Akasimama pale, kichwa chake karibu kigonge boriti ya mlango. "Yule mama amekufundisha hata kutumia mkono wako, Jolene. Umemuuza kwa ada ya mwaka mmoja." Akaondoka. Muhula ulipokwisha hakurudi chuoni. Alikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya bata mzinga, na kwa miaka mingi tukikutana mjini alikuwa anavuka barabara.

Kocha Verna alipewa habari ya kuondolewa siku ya Jumanne. Alhamisi ikatoka gazetini, pamoja na picha ya kocha mpya, Dale Rasmussen, kijana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa msaidizi wa timu ya wavulana, ile iliyoshinda mara nne. Nilikuwa maktaba, dirishani, nilipomwona Kocha akitoka ukumbini na boksi. Lilikuwa zito, alisimama mara mbili kulibadilisha mkono. Ningeweza kushuka nikambebea. Nikashusha macho kwenye kitabu mpaka nikasikia gari lake limeondoka.

Msimu uliofuata tulipanda basi lenye joto, viatu vipya miguuni, tukashinda michezo minane kati ya ishirini na sita. Rasmussen akaongezewa mkataba. Kocha Verna akabaki kufundisha kuogelea, orofa ya chini ya ukumbi uleule, akisikia mipira inadunda juu ya kichwa chake. Alikaa hivyo miaka kumi na tisa mpaka akastaafu. Hakulalamika kwa mtu, na watu wakachukulia kwamba hakuumia.

Mimi nilimaliza masomo, nikawa mwalimu wa hesabu mji wa jirani. Niliombwa kufundisha timu ya wasichana nikakataa, nikasingizia magoti.

Mwaka 2009 nikasikia Kocha Verna ana saratani, yuko kwenye nyumba ya wazee. Nikaenda. Alikuwa amepungua sana, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Brekke," akasema. "Umenenepa."

"Ndiyo, Kocha."

Nikasogeza kiti karibu na kitanda. "Ile karatasi, Kocha. Mimi ndiye..."

"Nilionyeshwa. Lindquist aliiweka mezani siku aliyoniondoa. Jina lako lilikuwa juu, mwandiko mzuri."

"Miaka yote hii umejua? Mbona hukuniambia neno?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa mtoto wa miaka ishirini na moja, baba yako anauza ng'ombe." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ukiwa umekuja nikusamehe, nilikusamehe zamani. Lakini usinitake niseme halikuuma. Liliuma, Jolene. Liliuma kuliko huu ugonjwa."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu la kwanza kabla ya siku ile. Nilitaka kumshika mkono, yeye akauingiza chini ya blanketi, akaniomba nimwite muuguzi kwa kuwa amechoka.

Alifariki baada ya siku kumi na moja. Kanisani tulikuwa watu kama thelathini, wengi wao wazee aliowafundisha kuogelea. Chuo kilituma shada la maua lenye kadi iliyomshukuru kwa utumishi wake katika idara ya kuogelea. Marit alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Upande wa kushoto mbele palipungua mtu, mchungaji akatazama huku na huku akauliza nani atasaidia. Nikainuka. Marit akanitazama, kisha akamwashiria mzee mmoja wa nyuma yangu aje ashike.